Tanbihi za chini, za pembeni na za mwisho: namna ya kuzipanga kitabu kisikuvurugikie

Anayepanga vitabu hapa Unguja au kule Pemba kazi hii anaijua. Mtu anakuletea fleshi, ndani mna faili la Word, historia ya kijiji chake au utenzi wa babu yake au tasnifu aliyomaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na sasa anataka iwe kitabu, na chini ya kila ukurasa kajaza tanbihi, yaani maelezo yenye namba. Ukimuuliza hizi namba umeziweka vipi anakwambia si nimeziandika tu. Yaani kaandika 1 kwa mkono, kaipandisha juu, kisha kapiga enta mpaka akafika chini ya ukurasa na maelezo akayaandika pale pale. Kwenye A4 yake inaonekana safi kabisa, ila ukiimimina kwenye A5 tu maelezo yote yanaibukia katikati ya kurasa, ya ukurasa wa 12 yako wa 19, na namba zenyewe kuna 7 mbili na 9 haipo.

Kwa hivyo niseme mapema mambo mawili ambayo mengine yote yanafuata hapo: namba iandikwe na kompyuta wala si na mkono wako, na aina ya tanbihi uiamue kabla hujachora hata ukurasa mmoja, kwa sababu tanbihi ndo inayokwambia pambizo ziwe na upana gani.

AMUA KWANZA MSOMAJI ATAZISOMA VIPI

Watu wengi wanachagua tanbihi ya chini kwa mazoea tu, basi. Mimi naangalia maelezo yenyewe ni ya kazi gani.

Kama ni maana ya neno, mfano kitabu cha wavuvi wa Pemba kina dema, juya, bamvua, na unataka kijana wa mjini au mtu wa bara afahamu hapo hapo bila ya kupoteza mstari, hiyo iweke pembeni. Maneno mawili matatu, "dema: mtego wa samaki wa kusukwa", jicho linakwenda linarudi. Na jambo lenyewe si geni kwetu, aliyekaa chuoni, yaani madrasa, mbele ya mwalimu akafunguliwa kitabu cha zamani ashaona matini iko kati na hashiya, yaani maelezo, imeizunguka pembeni, mistari mengine imelalia ubavu. Wazee walikuwa wakisoma hivyo miaka na miaka.

Kama ni maelezo ya sentensi nzima au mbili, "mtaa huu zamani ukiitwa hivi", "riwaya nyengine inasema vyengine", hiyo ya chini ya ukurasa. Na kama ni ushahidi mtupu, namba za majalada ya Nyaraka za Taifa kule Kilimani, majina ya vitabu na kurasa, ambayo msomaji wa kawaida hatoyatizama lakini mtafiti atayataka, peleka mwisho. Ila tizama na jengine, siku hizi kitabu kikishachapwa PDF yake inazunguka WhatsApp na watu wanakisomea kwenye simu, na kwenye simu tanbihi za mwisho ni adhabu, mtu aruke kurasa mia mbili kwa kidole halafu arudi? Harudi huyo. Kama unajua kitabu kitasomwa zaidi kwenye simu, punguza za mwisho.

Unaweza kuchanganya aina mbili ndani ya kitabu kimoja, maneno pembeni na ushahidi mwisho, inapendeza sana. Tatu kwa pamoja usijaribu, msomaji atapotea na wewe utapotea kabla yake.

SAFISHA FAILI LA WORD KABLA YA KULIHAMISHA

Hapa ndo pana kazi hasa na hakuna njia ya mkato. Fungua Word, ingia kwenye Find, bonyeza More, kisha Format, Font, uweke tiki kwenye Superscript. Sehemu ya maneno iwache tupu. Sasa itakupeleka kwenye kila kitu kilichopandishwa juu, kimoja kimoja. Kila ukifika kwenye namba ya mkono, ifute, bonyeza Ctrl, Alt na F kwa pamoja, Word itakuwekea tanbihi ya kweli ya chini, nenda kakate maelezo pale alipoyaandika uje uyabandike. Ya mwisho ni Ctrl, Alt na D. Ukishamaliza futa na zile enta zote za uongo.

Sasa kuna wengine hawakupandisha kitu, wameandika (1) (2) (3) kwenye mabano, hizo zitafute kwa macho, na muulize mwenye kitabu kila usipokuwa na hakika namba gani ni ya maelezo gani. Usikisie. Umemuwekea mtu riwaya ya bibi yake kwenye ukurasa wa ugomvi wa shamba, utaijibu wewe hiyo.

Kitu chengine, usipange tanbihi za pembeni ndani ya Word. Ziwache zote ziwe za chini kwanza, na zile unazotaka kuzipeleka pembeni zianze na alama yako moja, mimi naweka nyota mbili, ili ukifika kwenye programu ya kupangia uzitafute kwa mara moja.

PROGRAMU IPI

Kwa ufupi maana hapa watu hugombana bure. CorelDRAW ambayo kila duka la matangazo linayo haina tanbihi za kujipanga wenyewe, hapo utafanya kila kitu kwa mkono, nzuri kwa bango na kadi ya harusi, kitabu hapana. Microsoft Publisher pia haina, na Microsoft wenyewe wametangaza wanaifunga Oktoba 2026, kwa hivyo usianze nayo kitu kipya.

InDesign ina za chini tangu zamani, za mwisho zilikuja na toleo la CC 2018, za pembeni haina rasmi lakini zinatengenezeka vizuri, nitaeleza. Affinity Publisher 2, iliyotoka Novemba 2022, ndo ina zote tatu mle mle, na tangu mwisho wa 2025 Affinity mpya ya Canva inapatikana bure ukiwa na akaunti. Tatizo lake ni moja na kwetu ni kubwa, Affinity 2 haiandiki Kiarabu sawasawa, haijui kwenda kutoka kulia. Kitabu chenye aya za Kurani na hadithi za Mtume kwa Kiarabu ndani usikipeleke huko. Scribus ni bure, toleo la 1.6 lina tanbihi za chini na za mwisho na Kiarabu linakiweza, yale ya 1.4 ambayo bado yako kwenye laptopu nyingi hayana, kwa hivyo angalia namba kwanza. Kwa kijitabu cha kurasa arubaini Scribus inatosha, kitabu kinene chenye tanbihi nyingi inakuwa nzito, utakaa unaisubiri.

Mimi nitaeleza zaidi InDesign maana ndo iliyoenea kwa wapangaji wa hapa, na Affinity nitapita nayo pale inapotofautiana.

ZA CHINI YA UKURASA

Kama maandishi yanatoka Word, usikopi na kupesti kienyeji. Nenda File, Place, weka tiki kwenye Show Import Options, na kwenye kidirisha kinachofuata hakikisha Footnotes na Endnotes zina tiki. Hapo tanbihi zote zinaingia zikiwa hai. Wale wanaolia kwamba tanbihi zimepotea wengi wao walipesti, na InDesign ikachukua maneno matupu.

Ukitaka kuongeza mpya, weka kasa, kile kijistari kinachomemeteka unapoandika, baada ya neno, na kama neno limemalizia na nukta au mkato basi baada ya hiyo alama, kisha Type, Insert Footnote. Itakurusha chini uandike. Kurudi juu kuna Go to Footnote Reference kwenye menyu ile ile. Kufuta, futa namba ya juu ndani ya matini, maelezo yatakwenda nayo, ukifuta maneno ya chini peke yake namba inabaki inaning'inia haina kitu.

Sasa kabla hujagusa mapambo tengeneza staili mbili, yaani mipangilio ya maandishi unayoihifadhi kwa jina, moja ya aya kwa ajili ya maneno ya tanbihi na moja ya herufi kwa ajili ya namba ndani ya matini. Matini ikiwa pointi 10.5 tanbihi iwe 8 au 8.5, mistari ikae kwenye pointi 10 au 10.5. Chini ya 8 usishuke, wasomaji wa vitabu vya historia kwetu wengi ni watu wazima na miwani wanayo lakini wameiwacha nyumbani. Kisha fungua Type, Document Footnote Options, zichague hizo staili mbili, na hapo kuna mambo manne ya kuyatizama.

Namba zianze upya wapi. Kuna kila ukurasa, kila kurasa mbili zinazotizamana, kila sehemu. Kwa kitabu cha kawaida mimi naanza upya kila sura, na kwenye InDesign hilo linakuja lenyewe kama kila sura ni mfululizo wake wa fremu, yaani visanduku vya maandishi vilivyounganishwa, maana hesabu inaanza upya kwa kila mfululizo. Na hiyo hiyo ndo sababu ya wengine kuona namba 1 kila ukurasa wakashangaa, fremu zao hazikuunganishwa, kila moja inajihesabia peke yake.

La pili ni Allow Split Footnotes, yaani tanbihi ndefu ikikosa nafasi ikatike iendelee ukurasa unaofuata. Wengi wanaizima kwa kuwa haipendezi. Sawa, ila ukiizima na tanbihi ikawa ndefu, InDesign inausogeza mstari wenye namba uende ukurasa wa pili na unabaki na pengo jeupe chini kama meno ya mtoto. Bora uiwache imewashwa, halafu zile zinazokatika uzishughulikie kwa mkono mwishoni, au umwambie mwandishi apunguze maneno, maana tanbihi ya nusu ukurasa hiyo si tanbihi tena, hiyo ni aya iliyokosa pahala.

La tatu ni nafasi kati ya matini na tanbihi ya mwanzo, weka angalau milimita 3 au 4. Na mstari mdogo wa kutenganisha, mwembamba, nusu pointi, usiwe wa upana mzima wa ukurasa. La nne ni la wenye safu mbili, majarida hasa, kuna Span Footnotes Across Columns, ukiiwasha tanbihi inakaa chini ya safu zote badala ya kujibana kwenye safu moja.

Affinity mambo haya yako kwenye paneli ya Notes, utaipata kwenye Window, References. Humo humo unachagua aina, namba zianze upya wapi, na staili ya aya.

ZA PEMBENI

Hizi ndo nzuri na ndo zenye kazi, na kazi yenyewe inaanza kwenye hesabu ya ukurasa. Chukua A5, upana wake milimita 148. Upande wa mgongo wa kitabu wacha 18 maana kitabu cha gundi hakifunguki chote na maneno yanazama ndani. Matini ipe 82. Kisha 4 ya kupumulia, 32 ya tanbihi, na 12 ya ukingo wa nje. Jumlisha utapata 148. Hiyo 12 usiile, mkata karatasi mkono ukimtetema kidogo tu anaondoka na herufi.

Kwenye safu ya milimita 32 maneno ya Kiswahili yanabanana kweli, "walivyokuwa wakikusanyikana" inachukua mstari mzima. Kwa hivyo panga kushoto, usiyanyooshe pande zote mbili, yakinyooshwa yanajaa matundu. Na tizama lugha ya maandishi imewekwa nini, programu nyingi zinadhani ni Kiingereza na zinakata maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza, unakuta neno limekatwa kwenye konsonanti, baya hata kulitizama. Kwenye staili ya tanbihi weka No Language, kisha pale panapolazimu kukata kata mwenyewe baada ya irabu kwa Ctrl, Shift na kistari, hicho ni kistari cha siri, kinatokea neno likifika mwisho wa mstari tu.

Kwenye Affinity unachagua Sidenote kwenye paneli ile ile na kuiambia ikae upande wa nje, umemaliza. Kwenye InDesign unafanya hivi. Chora fremu ndogo pambizoni, upana milimita 32, andika maelezo ndani. Fremu ikiwa imechaguliwa utaona kijisanduku cha buluu juu upande wa kulia, kikamate ukiburute mpaka kwenye neno lenyewe ndani ya matini ukiwachie hapo. Sasa fremu imefungwa na neno, neno likihama ukurasa na fremu inahama. Kisha Object, Anchored Object, Options, pale juu iwe Custom, na weka tiki kwenye Relative to Spine. Tiki hii ndo roho ya mambo yote, bila yake tanbihi ya ukurasa wa kulia ikihamia wa kushoto inabaki upande ule ule na kuingia kwenye mgongo. Kwa wima, upande wa Y, chagua Line ili ilingane na mstari wenye neno. Ikishakaa sawa iweke kwenye Object Styles uipe jina, nyengine zote utazipa staili hiyo kwa kubofya mara moja.

Ubaya wa njia hii ni kwamba fremu hazijuani. Maneno mawili magumu kwenye mistari miwili inayofuatana, tanbihi zao zitalaliana moja juu ya nyengine na hakuna atakayekwambia. Itakubidi upite ukurasa kwa ukurasa, na fanya hivyo matini ikishakamilika kabisa, sio kabla, maana mwandishi akiongeza aya moja sura ya kwanza umerudi mwanzo.

Na namba usiziweke. Tanbihi ya pembeni ya maana ya neno inatosha kulirudia neno lenyewe kwa herufi nzito kisha maelezo, msomaji anaona bamvua kwenye mstari na bamvua pembeni, namba ya nini? Matini inabaki safi na wewe umeepukana na hesabu.

UTENZI NA MASHAIRI

Hapa namba za kupandishwa juu ziwache kabisa kabisa. Kinamba juu ya neno la kina kinaharibu, mtu anaghani halafu anagonga kwenye tarakimu. Beti zenyewe zishapewa namba, itumie hiyo hiyo, chini au mwisho uandike "Ubeti wa 14:" kisha neno na maana yake. Za pembeni kwa utenzi zinakaa vizuri kwa sababu kipande ni mizani 8, mstari mfupi, nafasi ipo. Shairi la mizani 16 likiwa na ukwapi na utao, nusu zake mbili, kwenye mstari mmoja, kwenye A5 safu ya milimita 82 inabana na mshororo unaweza kuvunjika, hapo ama shuka pointi 10 ama tanbihi zipeleke chini.

Na Kiarabu, kama tanbihi ina aya ya Kurani ndani yake, tengeneza staili yake peke yake, fonti ya Kiarabu, na kwenye InDesign composer, yaani kile kinachopanga mistari, iwe World-Ready, la sivyo herufi zinakatika katika au zinageuka. Mpe mtu anayesoma aipitie herufi kwa herufi na irabu zake, hapo usijiamini.

ZA MWISHO

Hizi rahisi. Type, Insert Endnote, InDesign inatengeneza fremu yake mwisho wa kitabu. Kwenye Document Endnote Options unachagua ziwe za kitabu kizima au za kila mfululizo. Kuna pahala pameandikwa Endnote Title, badilisha uandike Tanbihi au Maelezo, maana kama hukugusa itachapwa Endnotes kubwa kwenye kitabu cha Kiswahili fasaha, na vipo vilivyochapwa hivyo. Ukibadilisha mawazo njiani kuna Convert Footnote and Endnote, za chini zinakuwa za mwisho au kinyume chake kwa mara moja.

Ambacho programu haikufanyii ni kumsaidia msomaji kuzipata. Kama namba zinaanza upya kila sura, weka majina ya sura mle mle ndani ya orodha, na juu ya kurasa za tanbihi andika "Tanbihi za kurasa 45 hadi 61", utazijaza mwishoni kurasa zikishatulia. Mtafiti atakuombea dua.

KABLA YA KWENDA KUCHAPISHA

Toa PDF, kisha chapa kurasa nne tano zenye tanbihi nyingi kwa ukubwa wake wa kweli kwenye stationeri yoyote, kata, ukunje, umpe mtu mzima asome kwenye mwanga wa nyumbani. Skrini inadanganya, pointi 8 kwenye laptopu unaikuza upendavyo.

Halafu kaa na mwenzako, mmoja ana matini mwengine ana tanbihi, mmoja anasoma namba na neno, mwengine anasoma mwanzo wa maelezo. Inachosha lakini ndo njia pekee ya kujua kwamba maelezo ya tano ni ya neno la tano. Kompyuta inajua kuhesabu, haijui kwamba maelezo ya Mkoani yamekaa chini ya Micheweni. Na ukishamkabidhi mwenye kitabu nakala ya kupitia mwambie marekebisho ayaandike kwa kalamu kwenye karatasi au maoni kwenye PDF, asikurudishie faili jipya la Word lililorekebishwa, maana hapo tanbihi zote za pembeni unaanza kuzifunga upya.